Boti ya Uani kwa Edris

Busia, 18 Februari 1977

Mdogo wangu Kassim,

Nakusalimu wewe, mkeo Safia na kila aliye chini ya paa lenu. Sisi huku tumeamka sote. Mama miguu inamsumbua lakini mdomo bado mzima. Jana alimfukuza muuza omena mlangoni akimwambia omena zake ni za wiki iliyopita, na kweli zilikuwa za wiki iliyopita. Shemeji yako Zaitun anashona sare za shule kuanzia asubuhi, cherehani haipumui. Karakana yangu inaenda polepole. Mji umejaa watu kutoka ng'ambo ya mpaka, wanakuja na bunda moja kichwani, na mtu wa bunda moja hanunui kitanda.

Sasa jambo lenyewe. Nataka kujenga boti. Nitaijengea hapa nyumbani, uani, kwa plaiwudi nyembamba na kile kitambaa cha kioo mnachopaka gundi huko kazini kwenu. Iwe ya watu wanne, nyepesi kiasi cha wanaume wawili kuibeba mabegani. Ni kwa ajili ya uvuvi.

Lile bamba la faibaglasi uliloniletea mwaka juzi nilijaribu kulikata kwa msumeno wangu mzuri, ule wa marehemu baba. Dakika tano tu meno yakaisha kama ya mzee. Nimekuwa fundi miaka ishirini na mbili na sijawahi kuona kitu kinachokula chuma namna hiyo. Niandikie ni chombo gani kinakata kitu hiki, na nianzie wapi. Usikawie.

Kaka yako,
Edris


Mombasa, 6 Machi 1977

Kaka Edris,

Barua yako nimeipata Maulidi ikiwa imepita siku tatu, bado tunakula mabaki ya pilau. Safia anakusalimu, anamsalimu na Mama, anasema asiache kufukuza wauza samaki. Watoto wazima. Kazini kuna boti mbili za watalii zinangojewa, tajiri haachi kupiga kelele.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Wewe? Boti? Mtu ambaye ukivuka daraja la mto Sio unatembea katikati kabisa ya barabara? Na mvuvi gani anataka boti ya kubebwa mabegani?

Haya, tuseme ni uvuvi. Sikiliza. Msumeno wa mbao utumie kwa plaiwudi pekee, wenye meno madogo, na kabla ya kukata chora mstari kwa kisu chenye makali ili uso wa ubao usichanike. Penye kona tumia ule msumeno mwembamba wa upinde. Faibaglasi iliyokauka ikate kwa msumeno wa chuma, bledi ya meno thelathini na mawili kwa inchi, na uimwagie maji unapokata ili vumbi lilale. Vumbi lile ni vioo, kaka. Funga pua kwa kitambaa, vaa mikono mirefu, na usioge maji ya moto baadaye, utajikuna hadi utoke damu. Kuna bledi nyingine isiyo na meno, imepakwa punje ngumu mfano wa msasa. Hiyo nitaitafuta hapa.

Lakini chombo kizuri kuliko vyote ni kisu cha kawaida. Gundi ikianza kushika, kabla haijawa jiwe, inafanana na ngozi mbichi ya ng'ombe. Hapo kisu kinapita kama kwenye jibini. Ukichelewa saa moja, umechelewa.

Hukumtaja Maimuna, binti yako. Tangu Idi sijasikia habari zake. Yuko salama huko kisiwani kwa mumewe, ng'ambo ya mpaka?

Kassim


Busia, 29 Machi 1977

Mdogo wangu,

Mama anakuombea. Mvua zimeanza, kila siku alasiri, bati linapiga ngoma hadi hatusikiani. Zaitun ana kesi na mimi: nilichukua mkasi wake mkubwa wa kukatia nguo nikajaribu kitambaa cha kioo nilichopata Kisumu. Kilikatika vizuri mara tatu, mara ya nne kikaanza kutafunwa. Sasa mkasi haukati hata karatasi. Hajasema neno. Unamjua, hiyo ni kesi kubwa.

Plaiwudi nimenunua, karatasi sita. Nimekata mbavu mbili na sakafu kwa namna ulivyosema, kisu kwanza halafu msumeno, na ukingo ukatoka safi mpaka nikaupapasa kwa furaha. Lakini umbo silielewi. Nikiweka ubavu huku, kule unainuka. Meza ina miguu minne na kila mguu unajua mahali pake, lakini hii haina hata pembe moja iliyonyooka.

Njoo, Kassim. Wiki mbili tu. Omba ruhusa. Panda garimoshi mpaka Malaba, nitakupokea.

Maimuna yuko kwake.

Edris


Mombasa, 17 Aprili 1977

Kaka,

Nashukuru kwa maombi ya Mama. Huku joto limepungua, Safia amepata kazi ya kupika katika shule ya wasichana, anafurahi.

Kuja siwezi. Tajiri amekataza ruhusa hadi boti za watalii zishuke majini. Nikiondoka, nikirudi nitamkuta mtu mwingine kwenye aproni yangu. Usinikasirikie.

Badala yake nakutumia mzigo kwa lori la Ekisa, Mteso wa Malaba, mtu mwaminifu, anapita hapa kila mwezi. Ndani mna mkebe mkubwa wa gundi, chupa ndogo ya dawa ya kukausha, kitambaa, bledi kumi na mbili na mkasi mpya wa Zaitun. Nimeweka pia mfano wa boti niliokata kwa boksi, uuangalie jinsi mbao zinavyokutana. Hutumii misumari. Unatoboa matundu madogo ukingoni, unashona ubao na ubao kwa waya wa shaba, halafu unafunika mshono kwa kitambaa na gundi. Ikishika unavuta waya. Ni kazi ya fundi cherehani kuliko ya seremala. Mkabidhi Zaitun.

Dawa ya kukausha pima kwa matone. Ikizidi, gundi inachemka mkebeni na kuwaka moto. Zile mbao za kukaza ndani, zilizopinda, usizikate wewe. Nitazikata huku nikutumie tayari.

"Maimuna yuko kwake" si jibu. Nilimbeba mgongoni yule mtoto.

Kassim


Busia, 12 Mei 1977
Kwa mkono wa Ekisa

Kassim,

Barua hii sikuipitisha posta kwa sababu mji huu sasa una masikio mengi. Tuko wazima, salamu nyingine utazisikia kwa Ekisa. Alikaa siku tisa kwenye foleni ya malori Malaba, akilala chini ya lori na mkebe wako wa gundi ukiwa mto wake.

Ulikuwa na haki ya kuuliza, nami niliogopa kuandika.

Mwezi wa Desemba askari wa upande wa pili walifika kisiwani wakisema watu wanavusha kahawa ya magendo. Walikusanya boti zote ufukweni, wakazipasua kwa mashoka, hata mitumbwi ya watoto. Kisha wakawakamata wanaume kumi na mmoja. Mkwe wetu Sulaiti ni mmoja wao. Yeye, ambaye hata kahawa ya kunywa hanunui. Januari mchuuzi mmoja wa samaki aliniletea karatasi ya Maimuna, mistari mitatu. Aliandika kuwa chakula kinaisha, kwamba wanawake wanaogopa kwenda kisimani, na kwamba kama kuna mtu mwenye boti, aangalie watoto kwanza. Tangu hapo kimya.

Nimekwenda kila mahali. Mkubwa mmoja, jina silitaji, aliniambia, "Mzee, mambo ya ng'ambo ni ya ng'ambo." Nilikwenda Sio Port kwa wavuvi. Boti zao ni kubwa, nzito, zimepakwa rangi, zinaonekana mbali, na wawili waliokaribia kisiwa walipigwa risasi. Mmoja tu, Callistus, Msamia, mtu wa maneno machache, aliniuliza, "Una boti ya kuvutwa ndani ya mafunjo ikafichika?" Nikasema ninayo. Sikuwa nayo. Ndiyo hii ninayojenga.

Zaitun ameishona, kila tundu kwa mkono wake, hata usingizi hapati. Lakini mvua haikomi, gundi haikauki. Nimejenga banda la turubai, nikaweka majiko mawili ya makaa mbali kidogo. Juzi nilisubiri ifike ile hali ya ngozi mbichi, nikisubiri na kisu mkononi tangu asubuhi. Alasiri nilikwenda kuswali tu. Niliporudi imekuwa jiwe. Nimekaa siku mbili nikikata kwa msumeno kile ambacho kisu kingekata kwa robo saa.

Zile mbao za ndani, tafadhali, harakisha.

Edris


Mombasa, 5 Juni 1977

Kaka Edris,

Anayeandika ni Safia, mimi nasema yeye anaandika, maana nina homa kidogo na mkono unatetemeka. Usijali.

Nililia nilipoisoma barua yako. Nikajiona mjinga, nimekuandikia habari za watalii na aproni.

Mbao za kukaza ziko nane, Ekisa anazo, zimeandikwa namba kwa penseli. Zikiwa hazikai vizuri, zipunguze kwa tupa, sio kwa mashine. Kaka, ukiona mtu ana ile mashine ya diski inayozunguka, hata akikupa bure, usiiguse. Bledi ya mkono inakwenda polepole lakini ukisimama nayo inasimama.

Gundi ikikataa kukauka, ongeza tone moja kwa kikombe, si zaidi. Chini ya boti paka tabaka tatu.

Niandikie ukimaliza.

Kassim


Busia, 3 Julai 1977

Kassim,

Mama hajambo. Zaitun hajambo. Boti imekamilika, imebaki kupakwa rangi ya matope.

Safia anaandika vizuri, lakini homa ya kumnyang'anya mtu kalamu siijui. Nilimkalisha Ekisa, nikampa chai, nikamwuliza. Alizunguka sana. Mwisho akasema, "Boss, mimi niliambiwa nisiseme." Nikamwambia akisha kusema hivyo amekwisha sema.

Amenieleza. Jumapili ya tarehe 22 Mei, karakana imefungwa, wewe peke yako ndani, na diski ikapasuka. Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Ameniambia pia ulikuwa unakata nini, maana ubao namba saba una doa ambalo nilidhani ni vanishi.

Nilikuandikia "harakisha". Neno hilo nililiandika mimi, kwa mkono wangu mzima wenye vidole vitano. Nimetafuta namna ya kulirudisha, siipati.

Ubao namba saba nimeupachika mahali pake. Sikuupiga msasa.

Edris


Mombasa, 24 Julai 1977

Kaka,

Naandika kwa kushoto, usicheke herufi. Safia na watoto wazima.

Tajiri ameniweka langoni, nafungua na kufunga. Mshahara si ule, lakini upo. Usinihurumie, na usiandike tena habari ya "harakisha". Hata bila neno lako ningekwenda Jumapili ile. Mashine ilikuwa ya haraka na mimi nilitaka haraka.

Nilitamani nije nikusaidie kuipiga kasia. Sasa sifai hata kwa hilo. Kwa hiyo nenda. Nenda hata kama unaogopa maji. Mlete.

Kassim


Busia, Ijumaa, 2 Septemba 1977

Mdogo wangu Kassim,

Ramadhani njema kwako, kwa Safia na watoto. Mama anafunga ingawa tumemkataza. Nisamehe kwa kunyamaza mwezi mzima. Kila nilipokaa kuandika niliandika salamu, halafu nikakunja karatasi.

Tulikwenda Jumatano tarehe 10 Agosti. Ekisa aliipakia kwenye lori likiwa tupu, tukaifunika turubai. Askari wa barabarani aliuliza ni nini, Ekisa akasema ni kabati la harusi. Sio Port tuliibeba begani, mimi mbele, Callistus nyuma, hadi majini. Nilivua viatu. Callistus akasema, "Mzee, keti katikati, usitazame chini, tazama mgongo wangu."

Aliichagua saa ya mvua kwa makusudi. Saa nane mchana wingu lilishuka mpaka likagusa ziwa, na askari wa kisiwani mvua ikinyesha huingia ndani kucheza karata. Tulipiga kasia ndani ya mvua ile hata mikono yangu ikawa si yangu. Nataka ujue, Kassim, boti haikuvuja tone. Maji yote ya ndani yalikuwa ya mawinguni. Wimbi liliipiga ubavu, ikapinda kidogo, ikarudi, mishono ya Zaitun ikakaa na mbao zako zikakaa. Callistus, ambaye hasifu kitu, alisema, "Hii inajua kazi."

Tuliivuta ndani ya mafunjo, yeye akabaki. Mimi nilitambaa mpaka nyumba ya tatu, kama mchuuzi alivyonielekeza. Maimuna alifungua mlango. Hakulia. Amekonda, macho yamekuwa makubwa. Alinishika uso kwa mikono miwili kama mimi ndiye mtoto.

Akasema, "Baba, wewe umekuja kwa njia ya maji?"

Nikasema, "Nimekuja na boti. Chukua watoto twende."

Aziza ana miaka sita sasa, mdogo wake Mwanaisha mitatu. Aliwavika haraka, akawafunga leso, tukashuka nao kwenye mafunjo. Akampa Callistus Mwanaisha, akampa na Aziza. Nikamshika mkono apande. Hakupanda.

"Wanamweka Sulaiti nyuma ya ghala la samaki," akaniambia. "Wamebaki wanne. Asiyeletewa chakula na mke wake hapewi kitu. Nikipanda hapa, jioni nani atampelekea?"

Nikamwambia, "Maimuna, watakuua."

"Labda. Lakini yeye nikiondoka ni hakika."

Nilimvuta. Ndiyo, nilimvuta kwa nguvu, mkono wake ukateleza kwa mvua. Nilimwambia mimi ni baba yako nakuamuru. Nilimwambia habari za vidole vyako, Mungu anisamehe, nilifikiri vitamlainisha. Aliinama kidogo, akasema, "Mwambie baba mdogo nimeiona boti. Ni nzuri." Callistus akasema, "Mzee, mvua inapungua." Nafasi yake botini ilikuwepo, maana watoto wawili ni kama mtu mzima mmoja. Ningeweza kubaki naye. Lakini nani angepiga kasia ya pili na watoto ndani? Nikapanda. Maimuna mwenyewe ndiye aliyesukuma boti, akaingia majini mpaka kifuani. Aziza alipiga kelele, nikamziba mdomo kwa kiganja changu. Akaning'ata. Sikuuondoa mkono mpaka kisiwa kilipopotea.

Tulipanga kurudi wiki iliyofuata. Siku ya tatu wavuvi walisema askari wamepiga hema palepale kwenye mafunjo. Wameona alama ya boti kwenye matope, au mtu amesema, hakuna anayejua. Callistus alikwenda peke yake mara mbili kutazama kwa mbali, akarudi akitikisa kichwa. Mara ya tatu nilimwomba, akaniambia ana watoto saba. Boti ikikaa Sio Port watu watauliza, kwa hiyo tumeirudisha hapa uani, chini ya turubai. Habari za Maimuna hakuna. Nimeuliza kila bunda linaloingia mji huu.

Mara nyingi huiangalia boti hii. Tuliuliza kila swali, msumeno upi, bledi ya meno mangapi, matone mangapi, na kila kitu tulipatia. Sioni mahali tulipokosea. Afadhali ingevuja.

Mwanaisha amezoea, anamwita Zaitun mama, na kila akimwita hivyo Zaitun anainuka anatoka nje. Aziza hajazoea. Kila siku ananiuliza tunakwenda lini kumchukua mama. Nilimwambia kesho, nikamwambia mvua ikirudi, nikamwambia Callistus akipona, ingawa Callistus haumwi. Jumatatu alinibana kweli, akataka siku yenye jina. Nikamwambia Ijumaa.

Leo amejiamsha kabla ya daku kwisha. Amevaa viatu, amemvika na mdogo wake, ameondoa turubai mwenyewe, na wamekaa ndani ya boti, yeye mbele ameshika kasia. Jua limeshapanda. Mama amewapelekea chai, Aziza amekataa kushuka. Mimi nimejifungia karakana nakuandikia wewe, maana ili niende msikitini lazima nipite uani.

Kaka yako,
Edris